Fungu Lako ni Lipi? Mirathi, Wakfu na Haki ya Kuuliza



Wiki hii tunajibu swali lililotufikia kutoka Gilgil, katika kaunti ya Nakuru. Dada yetu aliyezaliwa huko bara anaeleza kuwa babu yake alitoka Mombasa akaandamana na kazi za reli, na kwamba ukoo wao una nyumba ya kupangisha katika Mji wa Kale. Mara moja kwa mwaka ami yake humtumia fedha kidogo bila maelezo. Anataka kujua fungu lake ni lipi, ila anaogopa ataambiwa ana tamaa, au kwamba anawaombea wazee kifo.

Tuanze na hiyo hofu, kwani ndiyo iliyowanyamazisha mabinti wengi. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, imethibitisha kuwa wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi. Aya ya 6 ya sura hiyo imewaagiza wanaosimamia mali ya mayatima wawakabidhi mali yao wakikomaa, tena mbele ya mashahidi. Ikiwa Mola ametaka mashahidi katika kukabidhi, basi hesabu si aibu kwa mwenye kuishika wala kwa mwenye kuiomba. Aulize kwa upole, lakini aulize.

Swali la kwanza lisiwe kiasi cha fedha. Liwe hili: nyumba ile ni mirathi ambayo haijagawanywa, au ni wakfu? Majibu yake yako mbali mbali mno.

Ikiwa ni mirathi, kila mrithi ni mmiliki wa sehemu yake tangu siku ya mauti, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi thuluthi. Tuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na kodi ya nyumba ni shilingi 40,000. Mke ana thumuni, yaani 5,000. Zilizobaki 35,000 hugawanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume 14,000 na binti 7,000. Binti huyo anaweza kudai sehemu yake itengwe, anaweza kuiuza, na akifa warithi wake wataipata.

Ikiwa ni wakfu, hesabu hiyo haina nafasi. Asili ya jambo ni ile ardhi ya Khaybar ya Sayyidna Umar: haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Mnufaika hana tofali hata moja. Anacho kile kinachozalishwa na mali hiyo, kwa masharti ya aliyeiweka. Huenda hati ikasema watoto wote wapate sawa, au wa kiume apate mara mbili, au thuluthi iende msikitini. Huenda mjane asitajwe kabisa. Na mnufaika akifa, fungu lake halimwendei mumewe kwa mirathi. Huendea yule aliyetajwa na hati. Kwa hivyo asiyeiona hati hajui haki yake, hata akiletewa fedha kila mwezi.

Wakfu wa familia umepita katika misukosuko. Mwaka 1894, mahakama ya juu ya himaya ya Uingereza, ikiamua kesi iliyotoka India, ilibatilisha wakfu ambao manufaa yake yalikuwa ya jamaa na fungu la maskini likawa la jina tu. India ilijirekebishia kwa sheria ya mwaka 1913. Hapa Kenya ni sheria ya mwaka 1951 iliyoupa wakfu wa jamaa nguvu, na sasa tunaongozwa na Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022. Haki iliyopiganiwa hivyo haifai kupotea kwa sababu karatasi imefungiwa sandukuni.

Dada yetu afanye nini? Kwanza, amwandikie ami yake barua ya heshima, aombe nakala ya hati, jina la mutawalli, na hesabu ya kodi na matengenezo. Pili, aulizie Tume ya Wakfu, Mombasa, kama mali hiyo imesajiliwa. Tatu, aombe taarifa za kiwanja katika ofisi ya ardhi, ajue kimeandikwa kwa jina la nani.

Ikibainika kuwa ni mirathi, Sheria ya Urithi ya Kenya imemtaka msimamizi aipatie mahakama orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi 6 tangu akabidhiwe usimamizi. Hukumu za usimamizi katika sheria hiyo zinawahusu Waislamu pia, maadamu hazipingani na sharia yetu. Wala hana haja ya kusafiri hadi pwani kupata ushauri. Mahakama ya Kadhi ipo Nakuru, mwendo mfupi kutoka Gilgil.

Neno la mwisho ni kwa ami, mashangazi na wote walioshika funguo za nyumba za ukoo. Walio mbali ni wenye haki sawa na walio karibu. Iteni kikao mkiwa hai na akili zikiwa timamu, isomeni hati mbele ya vijana wa kike na wa kiume, na kila mmoja aondoke na nakala. Mkisubiri mazishi, mtakuwa mmewaachia watoto nyumba na ugomvi pamoja.

Wabillahi tawfiq.