Gurudumu la bahati kwenye chama cha boda? Hapana, bana

Wasee, leo hakuna video. Hii nimeamua kuiandika, kwa sababu nikiiongea nitakasirika na mtadhani natafuta kiki.

Kuna boy wangu wa Rongo anatengeneza apu ya chama. Wateja wake wa kwanza ni watu wa boda wa steji moja hapo Rongo, 24 kwa jumla, wanaochanga mia kila siku, na kila wiki mmoja wao anabeba 16,800. Aliniomba nimchoree kurasa, maana mimi ndiye niko na jicho la rangi. Akanitumia kwanza michoro yake. Ukurasa wa kwanza: gurudumu la bahati, unazungusha uone umeshinda nini. Kando yake, mwali wa moto unaohesabu siku ulizofungua apu mfululizo. Ukikosa moja unazimika, unaanza sifuri. Juu, lile doa jekundu la arifa, ambalo linawaka hata kama hakuna habari yoyote. Nikamuuliza, na mchango wa leo unaonekana wapi? Akasema ukurasa wa tatu.

"Buda, lazima warudi kila siku," akaniambia. "Wasiporudi hakuna apu."

Nikamwambia atoe hizo takataka zote. Hatukuongea vizuri tangu hiyo siku.

Sasa mtauliza: wewe uliyeacha chuo mwaka wa pili, nani alikufanya mwalimu wa apu? Swali zuri. Niliacha chuo kwa sababu ya apu.

Ilikuwa moja ya hizi za mchezo wa ndege. Unaweka pesa, ndege inapaa, namba inapanda, unatoa pesa kabla ndege haijapotea. Nilianza na hamsini, nimelala hosteli. Wiki ya tatu karo ya muhula ilikuwa imekwisha, 28,000 ambazo mama alinitumia baada ya kuuza mtamba sokoni Ndhiwa.

Watu wakisikia hivi wanasema tamaa. Sawa, tamaa ilikuwepo. Lakini ngoja niwaambie kilichokuwa kinanirudisha, kwa sababu haikuwa kushinda. Nilikuwa natoa pesa kwenye mara mbili, napata mia yangu, halafu ndege inaendelea kupaa mbele ya macho yangu hadi mara arobaini. Mimi nilikuwa nishatoka. Hakukuwa na haja yoyote ya kunionyesha hiyo safari iliyobaki. Kuna mtu alikaa kwenye meza mahali fulani, akanywa chai yake, akaamua niione. Mtu mwingine akaamua sekunde chache tu zipite kabla ya ndege nyingine kuondoka, nisipate hata nafasi ya kufikiria mama. Na nilipokaa siku nne bila kuifungua, ikanitumia ujumbe kwamba imenikumbuka, pamoja na zawadi ya kubeti bure. Hiyo wiki hata watu wa nyumbani hawakuwa wamenikumbuka.

Hii kitu si uchawi. Mmarekani anaitwa B.F. Skinner alishaionyesha kwa njiwa kabla wazazi wetu hawajazaliwa: mpe njiwa punje bila mpango, leo akidonoa apate, kesho akidonoa akose, na atadonoa bila kuchoka. Mwaka 2014 Nir Eyal akatoa kitabu kinaitwa Hooked chenye hatua nne: kitu cha kukushtua, kitendo chepesi, zawadi usiyoweza kuitabiri, halafu wewe mwenyewe uweke kitu chako humo ndani ili kuondoka kuume. Boy wangu amekisoma chote. Sidhani amesoma kwamba Aza Raskin, aliyebuni ule ukurasa usioisha mwaka 2006, baadaye alisimama mbele ya watu akasema anajuta.

Sasa angalia kitu ambacho sisi wote tunarudia bila kubembelezwa. M-Pesa ilianza Machi 2007. Nyanya yangu wa Kendu Bay, dani mwenyewe, ana kabambe. Anabonyeza *334#, anachagua namba kwenye kiskrini kidogo, anatuma. Ujumbe unaingia: jina la aliyepokea, kiasi, salio. Anafunga simu kwenye leso, anarudi kwa kuku wake. Hakuna moto, hakuna doa jekundu, na kesho atarudi, kwa sababu jana kazi iliisha.

Na siwasifu bure. Tangu Januari 2019 kuna Fuliza, ambayo inakujia pale pale pesa imepungua na kidole tayari kiko kwenye kitufe. Pesa yako ikiingia, wanakata kwanza chao. Unabaki mkavu, unafuliza tena. Huko pia ni kurudi, lakini ni kurudi kwa mtu ambaye hakuwahi kutoka.

Kuna mama nanunua omena kwake Homa Bay mjini. Anajaza gorogoro, halafu anaongeza kiganja juu, na mnajua hapa kwetu usipopewa nyongeza hujanunua. Watu wa kuchora apu wangesema siri yake ni hiyo nyongeza. Mimi siamini. Siri yake ni kwamba ananiuliza, "Nyathina, zile za juzi zilikuwa na mchanga?" na anangoja jibu. Siku moja nikamwambia zilikuwa nao. Akaniambia hizi za leo zimeanikwa mahali pale pale, nisichukue, nirudi Alhamisi kuna mzigo unatoka Mbita. Alinifukuza na pesa yangu mkononi! Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa hapo.

Omena hao hao huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Samaki wanafuata mwanga, wavu uko chini. Ukihesabu waliokuja kwenye mwanga ni wengi ajabu. Boy wangu akiniambia habari za idadi ya watu wanaofungua apu kila siku, mimi naona taa.

Ana hoja, sikatai. Simu za watu wetu hazina nafasi. Apu isiyofunguliwa wiki mbili inafutwa ili video ziingie. Mtu atakayeweka pesa kwenye kazi yake naye atauliza wangapi wamefungua leo, hatauliza wangapi wamelala vizuri. Na chama bila kukumbushana hakiendi.

Basi kumbusha. Saa kumi na mbili jioni, ujumbe mmoja: leo hujachanga, na zamu ya wiki hii ni ya fulani. Akishachanga, kimya hadi kesho. Ukurasa wa kwanza uonyeshe jumla iliyopo na nani ameshabeba. Mweka hazina akigusa pesa, simu zote 24 ziingie ujumbe dakika hiyo hiyo, kabambe zikiwemo. Mtu wa boda ambaye amewahi kukimbiwa na mweka hazina atafungua hiyo apu kila siku ya Mungu.

Lakini gurudumu? Kwa watu wa boda? Hawa ndio wanakaa stejini saa nane mchana wakingoja abiria, ndege inapaa mkononi. Hiyo mia ya chama ndiyo pekee imejificha kutoka kwa ndege. Halafu wewe unaleta kamari ndogo ya rangi rangi huko ndani, kwa jina la kuwasaidia waweke akiba.

Sasa yangu. "Ngoja mpaka mwisho" mnajua ni yangu, na mara nyingi huko mwisho hakuna kitu. Taa tupu. Halafu mwaka 2024 nilipokea 8,000 kutangaza apu ya kubeti, sekunde 30, nikicheka, mimi huyu wa karo. Binamu yangu wa Isebania akajiunga kwa linki yangu, akaniandikia, "Asante bro, nimepata mia tatu." Sikumjibu. Baada ya miezi miwili akanyamaza, na sijawahi kumuuliza kwa nini kwa sababu najua. Serikali iliposimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, Aprili 2025, niliandika hapa kwamba wamefanya vizuri sana, kama mtu msafi. Linki ilikuwa bado iko kwenye ukurasa wangu. Nimeitoa juzi.

Jana usiku boy wangu amenitumia michoro mipya, bila salamu. Gurudumu limetoka. Mchango wa leo uko ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Mwali wa moto amekataa kuutoa; anasema sasa unahesabu siku ulizochanga, si siku ulizofungua. Nikamuuliza, mtu akilazwa wiki moja, au pikipiki ikishikwa, moto wake unazimika wenzake wakiangalia? Nimeona ameanza kuandika, ameacha, ameanza tena.

Watu wa boda wa Rongo, Awendo, Migori, hadi Oyugis: nyinyi mngetaka huo moto uwepo? Niambieni leo, maana kesho anaanza kuijenga.