Wimbo wa Mafuriko

Wazee wengi wasikiapo gitaa la umeme likitumika kumsifu Mungu hukunja nyuso, na ugomvi na vijana ukaanzia hapo. Yafaa kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Mwaka 1995 vijana waliokutana chuoni Greenville, Marekani, walitoa albamu yao ya kwanza, Jars of Clay. Jina hilo, ambalo pia ni la bendi yao, maana yake ni mitungi ya udongo, nalo latoka katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Wimbo wake uliovuma, "Flood", yaani mafuriko, ni dua ya mtu azamaye aombaye kuinuliwa. Ulipigwa hata katika redio zisizo za dini.

Kwa mkazi wa delta ya Rufiji au wa Kibiti, dua hiyo haihitaji mfasiri. Mafuriko humletea rutuba ya mpunga, na yapunguapo humwachia unyevu wa kilimo cha mlau. Lakini Aprili 2024 yalimeza mashamba na nyumba. Aliyeyaona hayo hatajali sana aina ya gitaa. Atapima kama mwimbaji ameijua hofu ya maji.

Baadaye wanamuziki hao waliasisi shirika la Blood:Water, la kusaidia upatikanaji wa maji safi barani Afrika. Hapo wimbo ulipata mikono. Basi mzazi, kabla hujazima redio ya mwanao, mwulize: wimbo huu wakutuma ukamsaidie nani?