Chai Yateremka Pwani, Wana wa Chai Wavuka Bahari



Sisi watu wa Mombasa chai ya Kericho twaijua ikiwa imekwisha kukauka. Twaiona ikishushwa kwenye malori, ikipangwa katika maghala ya Shimanzi na Changamwe, ikingoja siku yake ya mnada. Mnada huo ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa kwetu mwaka 1969, na tangu hapo chai ya bara haina njia nyingine kubwa ya kutokea ila kupitia mlangoni petu. Pakistan hununua, Misri hununua, Uingereza na Falme za Kiarabu pia. Hivyo ndivyo jani lililochumwa Bomet asubuhi yenye ukungu linavyoishia katika kikombe cha mtu aliyeketi ufukoni akijipepea kwa joto.

Lakini siku hizi njia hiyo ya kuelekea baharini inapitwa na mzigo wa pili ambao haupigwi mnada mbele ya macho yetu. Mzigo wenyewe ni vijana. Kutoka Litein, Kapkatet, Sotik na Mogogosiek, wake kwa waume, wanapanda basi kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi wanapanda ndege kwenda Doha, Dubai, Riyadh na Muscat. Mkataba aghalabu ni wa miaka miwili. Kazi ni za ubawabu, udereva, usafishaji, hoteli na utumishi wa nyumbani. Hawapiti Mombasa, na kwa sababu hawapiti, sisi hudhani kwamba jambo lao halituhusu. Leo nataka nidai kwamba latuhusu, tena sana.

Kwanza tuulize, kwa nini mtu atoke kwenye nchi ya kijani kibichi, ambako mvua hunyesha takriban kila alasiri na ambako shati la sufi ni vazi la kila siku, aende Doha, ambako mwezi wa Julai joto hupita digrii 40 na serikali yenyewe imelazimika kupiga marufuku kazi za juani saa za mchana katika miezi ya kiangazi? Mtu haachi kivuli akafuata jua ila kivuli kiwe kimemkimbia.

Na kweli kimekimbia. Makampuni ya Kiingereza yalipanda mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameondolewa. Ukoo wa Talai wote ulihamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1930, ukatupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Baadaye, chini ya shirika la KTDA, wakulima wadogo nao walipewa nafasi ya kupanda, na leo viwanda kama Kapkoros, Tirgaga, Momul na Tegat vinapokea majani yao. Lakini shamba la babu likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hubaki mistari michache ya michai. Bonasi ya mwisho wa mwaka, ambayo ndiyo hulipa karo na deni la dukani, kwa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, na kila mwaka manung'uniko huwa yale yale.

Ama katika mashamba makubwa, mkono wa binadamu uliokuwa ukichagua majani mawili na chipukizi umepata mshindani. Mashine moja hufanya kazi ya watu makumi kwa makumi. Mwaka 2023 kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho ilikisia kwamba kazi 30,000 zilikuwa zimepotea kwa sababu ya mashine hizo katika muda wa miaka kumi. Mwezi wa Mei mwaka huo huo watu wenye hasira waliziteketeza mashine kadhaa, na mtu mmoja akapoteza maisha katika makabiliano. Wenye mashamba nao wamebadilika: mwaka 2023 mashamba ya James Finlay yaliuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na mwaka uliofuata Browns hao hao wakakubaliana kununua na ya Lipton. Mwenye shamba hubadilika, mashine haibadiliki.

Basi kijana afanye nini? Qatar, tangu Machi 2021, imeweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na malazi na chakula au fedha badala yake. Hizo ni kama shilingi 35,000 za Kenya. Kwa bwana mkubwa wa Nairobi si kitu. Kwa mtu aliyekuwa akilipwa kwa kilo, na kilo zenyewe zimechukuliwa na mashine, ni mali. Serikali nayo haiwazuii vijana, bali yawahimiza kwa mpango ulioitwa Kazi Majuu. Tena aliyeishika Wizara ya Kazi tangu Oktoba 2022 hadi Julai 2024, Bi. Florence Bore, alikuwa mwanzo Mwakilishi wa Wanawake wa Kericho yenyewe. Mwaka 2024 fedha zilizoletwa na Wakenya walio ng'ambo zilikaribia dola bilioni tano, na kwa miaka sasa zimeishinda chai. Yaani nchi inayojulikana ulimwenguni kwa majani yake yaingiza fedha nyingi zaidi kwa jasho la watu wake walio mbali.

Hapa ndipo sisi wa Pwani tunapopaswa kukumbuka. Safari hizi za muda si mpya kwetu. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Na katika majahazi hayo hamkuwa na tende na mikeka peke yake. Mlikuwa na watu waliotafuta riziki, tena wakija upande wetu. Kabla mafuta hayajaanza kuuzwa, Qatar mwaka 1949, Oman mwaka 1967, Dubai mwaka 1969, maskini wa Hadhramaut na wa Oman walikuja Mombasa, Lamu na Unguja kubeba mizigo, kuchota maji, kuuza kahawa na kukaa dukani. Walilala wengi katika chumba kimoja, wakala kwa kubana, wakatuma walichopata kwa mama zao. Wengine walirudi, wengine wakaoa, na leo wajukuu zao ni majirani zetu. Ikiwa kuna Mwarabu wa Ghuba anayemdharau bawabu kutoka Bomet, huenda ni kwa sababu hakuhadithiwa habari za babu yake.

Na Kericho nayo yaijua safari hii kwa upande wa pili. Kwa muda wa karibu miaka mia moja, mashamba yake yaliita wachumaji kutoka Kisii, Nyanza na nchi ya Waluhya. Walikaa katika nyumba za kambi za shamba. Kazi ikiisha, nyumba pia imekwisha. Ukigombana na msimamizi, huna pa kulala. Mtu aliyeyaona maisha ya kambi hahitaji kuelezwa sana maana ya kuishi Doha kwa idhini ya mwajiri.

Idhini hiyo ndiyo inayoitwa kafala, na mimi niliyeketi chuoni mbele ya mwalimu nikiwa na ubao wangu, neno hili laniuma. Katika Kurani, neno hilo latajwa kwa Nabii Zakaria alipopewa malezi ya Bibi Maryam. Kafili wa yatima ni yule anayemlea na kumhifadhi. Katika fiqihi, kafala ni dhamana, mtu kujitia shingoni haki ya mwenzake. Leo neno hilo tukufu limekuwa jina la utaratibu unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, hata akashikiwa paspoti na kunyimwa ruhusa ya kuhama. Sharti tuseme pia yaliyorekebishwa: Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kubadili kazi, Oman ikafuata mwaka 2021, na Saudi Arabia nayo ililegeza mwaka huo huo, ila watumishi wa nyumbani ikawaacha nje. Na hao watumishi wa nyumbani ndio wenye mlango uliofungwa zaidi. Mwaka 2021 Bunge la Kenya lilielezwa kwamba Wakenya wasiopungua 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda mfupi, wengi wao wakiwa watumishi wa namna hiyo.

Najua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Watasema, mbona waandishi huwasema Waarabu tu, na nia yao ni kuuchafua Uislamu? Hoja hii ina ukweli wake. Mnamo Februari 2023 BBC ilionyesha filamu ambamo zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho walieleza jinsi walivyodhulumiwa kimwili na wasimamizi wao, na mashamba yenyewe yalikuwa ya Waingereza kwa miaka mingi, na wasimamizi wale hawakuwa Waarabu. Basi dhuluma haina kabila wala dini. Humea kila mahali ambapo mtu mmoja amemshika mwenzake riziki, nyumba na ruhusa ya kuondoka, vyote kwa mkono mmoja.

Lakini hoja hiyo haitupi ruhusa ya kunyamaza, yazidi kutufunga. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alituamrisha mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Anayekalia mshahara wa yaya miezi mitatu, kisha akaswali safu ya mbele, si Mkristo wa Kericho wa kumkosoa. Ni sisi. Msichana wa Kipsigis arudipo na makovu, hasemi kwamba alidhulumiwa na fulani bin fulani. Husema alidhulumiwa na Waislamu, na jirani zake huamini, kwa kuwa hawamjui Mwislamu mwingine. Sisi tunaokijua Kiarabu kidogo, tulio na jamaa Muscat na Jeddah, tulio na masheikh wanaoalikwa huko, ndio tungaliweza kuyasema haya kwa lugha ambayo mwenyeji hawezi kuiita uadui.

Tena tusijisafishe. Mawakala wamo Mombasa pia. Mwaka 2014 Serikali ilipofuta leseni za mawakala na kuzuia watumishi wa nyumbani kwenda Ghuba, hadi ilipofungua tena mwaka 2017, watu waliendelea kupitishwa kwa njia za panya, bila mkataba unaojulikana na mtu. Marufuku hayakuziba njia, yaliizima taa yake.

Ushauri wangu basi ni wa kawaida. Wakala aulizwe usajili wake kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira kabla ya kupewa hata shilingi. Mkataba usomwe katika lugha anayoielewa mwenye kwenda, na nakala ibaki kwa wazee wake. Asiuze ng'ombe wote wala michai yote kwa ajili ya nauli, kwani mwenye deni nyuma yake hana ujasiri wa kukataa dhuluma mbele yake. Na Serikali isihesabu dola tu; iweke ubalozini watu wa kutosha wa kupokea simu ya usiku wa manane.

Tena kuna jambo la marejeo. Mwanariadha wa Kalenjin akirudi na medali, hupokewa uwanjani kwa mursik, maziwa ya kibuyu, kwa nyimbo na shada. Bawabu arudipo baada ya miaka miwili ya kusimama juani, akiwa amewasomesha ndugu zake watatu, hushuka peke yake na sanduku lake, na swali la kwanza ni ameleta nini. Yule naye ametoka mashindanoni. Anastahili kibuyu chake, na baada ya kibuyu, kazi ya kufanya, asije akalazimika kuondoka tena kabla ya mwaka kuisha.

Wazee wetu mabaharia walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nami nawaachia vijana wa nchi ya chai ubeti huu mmoja, wauchukue safarini:

Mwenda pwani ya wageni, kazi yako ni ya muda,
Soma neno kwa makini, usisaini kwa shida,
Jenga kwenu kijijini, isikupote faida,
Marejeo ni ngamani, ndivyo ilivyo kaida.

Wassalaam.