Kumbikumbi Si Chakula cha Aibu

Mvua za masika zilipoanza nilikuwa mgeni wa rafiki yangu mmoja, mwalimu, anayekaa karibu na Kakamega. Jioni, mvua ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu, wakaizunguka taa ya barazani. Mwenyeji wangu aliona haya. Akawaamuru watoto, "Wafagieni wadudu hawa upesi, tuna mgeni." Watoto wakafagia, lakini hawakutupa. Baada ya muda harufu nzuri ilitoka jikoni, na nilipopita nyuma ya nyumba niliwakuta wamemzunguka nyanya yao, kila mmoja kiganja kimejaa. Yule bibi hakuona haya hata kidogo. Alinipa sahani akasema, "Kula, mwanangu. Huyo baba yao alikuzwa na hiki."

Wasomaji wetu, wiki hii nataka tuzungumze juu ya haya ile ya mwalimu, kwa maana si yake peke yake. Kumbikumbi ni chakula cha zamani sana cha watu wa Magharibi ya Kenya na wa kandokando ya Ziwa. Waluhya humwita tsiswa, Wajaluo humwita ngwen. Lakini wako wengi waliosoma ambao hupenda kumla gizani na kumkana mchana, wakiogopa kuchekwa na wenzao wa mjini au wa makabila mengine.

Mwenye kucheka na afikiri kwanza. Mtu wa Mombasa hula kamba na kaa, na wageni hulipa fedha nyingi hotelini ili wapewe chakula hicho hicho. Kamba na kaa ni jamaa za wadudu: wana miguu ya viungo na gamba gumu juu ya mwili. Wakristo wamesoma katika Injili ya Mathayo kwamba chakula cha Yohana Mbatizaji kilikuwa nzige na asali ya mwitu. Kwa Waislamu nzige ni halali. Juu ya wadudu wengine, kila mtu na awaulize wanazuoni wake. Huko Bukoba na Uganda senene ni zawadi ya heshima, wala hakuna anayemficha mgeni. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa iliyokadiria kwamba wadudu ni sehemu ya chakula cha mazoea cha watu wasiopungua milioni 2,000 duniani.

Sasa tutazame faida yake. Mwili wa mtoto hujengwa na chakula ambacho wataalamu hukiita protini. Katika gramu 100 za unga wa mahindi mna protini gramu 9 hivi. Katika maharagwe makavu mna gramu 22 hivi. Watafiti waliopima kumbikumbi wakavu wa Magharibi ya Kenya waliona gramu 33 hadi 40, na mafuta gramu 45 hivi, pamoja na madini ya chuma na zinki. Nimelinganisha vitu vikavu kwa vikavu, maana si haki kulinganisha kumbikumbi mkavu na nyama mbichi iliyojaa maji.

Sababu ya unono huo si ya ajabu. Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, dume na jike, wanaotoka katika kichuguu mvua inapoanza ili waende kuanzisha makao mapya. Hawana vibarua wa kuwalisha huko waendako, kwa hiyo hubeba akiba mwilini mwao. Wengi wao huliwa na ndege, kuku na mijusi kabla ya usiku kwisha. Kwa hiyo mwenye kuwakinga hakiharibu kichuguu, madhali hakibomoi wala hamwui malkia.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya mtoto anayeachishwa ziwa. Katika nyumba nyingi mtoto huyo hupewa uji mtupu wa mahindi au wa muhogo asubuhi na jioni. Tumbo hushiba, lakini mwili haupati cha kuujenga. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi na kuwa nyepesi, naye hukaa kimya bila kucheza. Huo ndio ugonjwa wa kwashiakoo, nao huua. Tena huweza kuingia hata katika nyumba ambamo usiku uliotangulia beseni zima la chakula cha kujenga mwili lilifagiliwa likatupwa jalalani.

Basi mama wa nyumbani na afanye hivi. Aweke beseni la maji chini ya taa, kumbikumbi wataanguka humo. Awakaange katika kikaango bila kuongeza mafuta, kwa kuwa wana yao, kisha awaanike juani mpaka wakauke kabisa, na kuwapeta kwa ungo ili mbawa ziondoke. Atie chumvi kidogo, awahifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko. Wakipata unyevu huota ukungu, na wakikaa muda mrefu mafuta yao huchacha. Wa namna hiyo wasiliwe. Kwa mtoto aliyepita miezi sita, awatwange wawe unga laini, atie kijiko katika uji, na asiache kumnyonyesha.

Yako maonyo mawili. Kwanza, wadudu walionyunyiziwa dawa ya sumu wasiliwe kamwe. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, walipigwa dawa mahali pengi, na mtu hawezi kumtambua kwa macho aliyekwisha kupata sumu. Pili, mtu ambaye mwili wake humkataza kamba au kaa na ajihadhari, maana wadudu huweza kumdhuru vivyo hivyo. Na mtoto aliyekwisha kuvimba miguu asitibiwe kwa kumbikumbi nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Siwaambii watu waache maharagwe, maziwa, mayai au omena. Kumbikumbi huja kwa majira, wala hawatoshi peke yao. Nasema tu kwamba kisionewe haya chakula ambacho Mungu hukileta mlangoni bila kodi wala nauli. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwalimu rafiki yangu ana mtoto mdogo aliyeachishwa ziwa mwezi uliopita. Nilipoaga nilimwomba neno moja: masika yajayo, taa ikizungukwa, amwite mama yake barazani, wakinge pamoja.