Likizo ya vyuo iwe msimu wa baiolojia Katavi

Na Regina Mbogo

Kuanzia Agosti hadi Oktoba vyuo vikuu vyetu vingi huwa vimefunga. Baadhi ya wanafunzi wa sayansi wako nyumbani, wengine wako fildi kwenye ofisi na maabara za mijini. Miezi hiyohiyo, huku Katavi kiangazi kimekolea, na porini yanatokea mambo ambayo mwanafunzi wa baiolojia huyasoma kwenye makaratasi tu. Rai yangu ni kwamba vyuo vyetu vianzishe kozi ya likizo ya baiolojia huku Mpanda, yenye mtihani wake na alama zinazoingia kwenye shahada.

Tuanze na Sitalike, mwendo wa kilomita 35 hivi kutoka Mpanda mjini, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974 na leo ina kilomita za mraba 4,471. Masika mto Katuma hufurika hadi mbugani. Kiangazi hubaki madimbwi, na viboko kwa mamia hubanana humo, madume yakiumizana kwa kugombea nafasi. Kule Ikuu mamba hurundikana kwenye mashimo ya kingo za mto, wakibana matumizi ya nguvu za mwili hadi mvua irudi. Mwanafunzi aliyekaa hapo wiki moja na daftari lake hahitaji kukariri maana ya ushindani wa viumbe.

Au aingie kwenye miombo mwezi Septemba. Udongo umekauka, mvua bado, lakini miti imeanza kutoa majani mapya, mengine mekundu kama damu. Maji ya kuchipua inayapata wapi? Swali hilo lina majibu vitabuni, kuanzia mizizi inayokwenda chini sana hadi akiba iliyomo kwenye shina. Ila mwanafunzi anayepima mwenyewe unyevu wa udongo na wa shina hujifunza pia jinsi jibu la kisayansi linavyopatikana, na hicho ndicho shahada inachopaswa kumpa.

Wenzetu wa mbali waliliona hili zamani. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 akiwa hana shahada yoyote, na kazi yake ikabadilisha elimu ya sokwe duniani. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Kyoto akaanza utafiti wake Mahale. Hapa mkoani kwetu, bonde la Issa katika Wilaya ya Tanganyika lina sokwe wanaoishi kwenye pori la wazi na kavu. Mwaka 2022 watafiti wa bonde hilo walichapisha katika jarida la Science Advances kwamba sokwe hao, waliposimama kwa miguu miwili, zaidi ya asilimia 85 ya mara hizo walikuwa juu ya miti. Matokeo hayo yalitikisa dhana ya siku nyingi kwamba mababu wa binadamu walisimama kwa sababu walihamia nyikani.

Nawaheshimu watafiti hao wa kigeni kwa kazi waliyoifanya. Ninachotaka ni kijana wa Karema au Inyonga anayelijua pori hili tangu utotoni aingie katika utafiti kama huo akiwa mwanafunzi, ajifunze kuuliza swali lake mwenyewe, na jina lake liwemo kwenye chapisho.

Najua wakuu wa vyuo watauliza fedha ziko wapi. Chuo Kikuu cha Sokoine tayari kina Kampasi ya Mizengo Pinda katika mkoa huu, kwa hiyo hatuanzii patupu. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, na kozi hii ihesabiwe humo. Treni inafika Mpanda kutoka Tabora kupitia Kaliua. TANAPA na TAWIRI wana askari, wataalamu na utaratibu wa vibali. Hata mbung'o, wanaoogopwa kwa ugonjwa wa malale, wanastahili kipindi chao cha darasa, pamoja na mafunzo ya kujikinga nao.

Tena kozi hii italipa deni lake. Maji ya Katuma yanagombewa na mashamba ya mpunga yaliyo juu ya mto, na viboko wa Sitalike ndio wanaopata masalio. Wanafunzi wakipima maji na kuhesabu viboko sehemu zilezile kila kiangazi, baada ya miaka kumi Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa itakuwa na kumbukumbu za kuamulia ugomvi huo.

Zaidi ya yote, wahitimu wengi wa baiolojia huenda kufundisha sekondari. Mwalimu aliyeona mto ukikauka na viumbe wakipambana kuishi atawatoa watoto wake nje, wakachunguze mti ulio uani kwa shule.

Nawaomba Sokoine, Dar es Salaam na Dodoma waketi pamoja na uongozi wa mkoa. Waanze na wanafunzi 20 na wiki sita, na nafasi kadhaa zitengwe kwa vijana wa Katavi. Kiangazi kijacho hakiko mbali, maandalizi yaanze sasa.