Nyumba Hainunuliwi kwa Rangi

Mfanyakazi anunuaye nyumba mjini Sumbawanga hutoa akiba ya miaka mingi kwa siku moja. Yampasa basi ajue hasa anauziwa nini. Mji huu uko juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya kuchezea. Mvua nazo hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Chini ya bati lisilo na dari, joto la nyumba hutoroka upesi usiku. Na ukuta wa matofali mabichi, ukipigwa lipu ya saruji, hufanana na wa matofali ya kuchoma mpaka maji yauingie.

La kusikitisha ni kwamba hati nyingi za mauziano hutaja majina, bei, mipaka ya kiwanja na mashahidi, kisha huishia hapo. Habari za nyumba yenyewe hazimo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako wasemao kwamba sheria itamlinda mnunuzi. Ni kweli, lakini kwa kiasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mapatano ya namna hii yawe ya maandishi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, kifungu cha 17, yahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni udanganyifu. Lakini yasema pia kwamba kunyamaza tu, kwa kawaida, si udanganyifu. Na kifungu cha 19 chaweza kumnyima haki ya kuvunja mkataba mtu ambaye angeutambua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Maana yake ni wazi: asiyeuliza huenda akaondoka mikono mitupu.

Dawa ni kuuliza kwa maandishi. Muuzaji akijibu kwa uongo, hapo hakunyamaza tena. Amesema, na neno lake lamshika. Nchini Marekani, muuzaji wa nyumba mpya hulazimishwa kuandika katika mkataba aina, unene na nguvu ya kizuia baridi kilichowekwa katika kila sehemu ya nyumba. Sisi hatuna haja ya kungoja amri ya namna hiyo ili tuandike mikataba iliyo bora.

Hati na iseme kuta ni za matofali gani, dari ni ya kitu gani, juu yake pana tabaka la kuzuia baridi au hapana, na paa limepata kuvuja au la. Kisha pawe na dhamana ya miezi 12, ili nyumba ipitiwe na mvua zote na kipupwe kimoja, na itajwe nani atalipa fundi kasoro iliyofichwa ikitokea. Sehemu ya bei, kwa kiasi watakachopatana, yaweza kubaki kwa wakili mpaka muda huo uishe.

Wauzaji watanung'unika kwamba bei itashuka. Lakini muuzaji mwaminifu ndiye apatae kinga kubwa zaidi, kwani kasoro aliyoitaja na mnunuzi akaikubali haitamrudia barazani kesho.

Ndugu wafanyakazi, fundi na apande darini kabla fedha hazijahesabiwa, na aliyoyaona yaandikwe katika hati kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.