Kagua Mshono, Kagua na Asali

Anayetaka kumjua mnunuzi makini amfuate mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba akiwa Zhanqian Road, Guangzhou. Barabara hiyo iko jirani na stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1974, na maduka ya nguo za jumla yamepandana humo ghorofa juu ya ghorofa. Mtu wetu hadanganyiki kirahisi pale. Suruali anaigeuza ndani nje, anavuta mshono, anauliza kitambaa kina pamba kiasi gani, anachukua sampo na kuificha begini ili siku mzigo unapofungwa aje alinganishe. Anajua kwamba suruali moja ina gredi tatu na kila gredi ina bei yake. Ukimwambia gredi ya kwanza inauzwa kwa bei ya tatu, anakucheka usoni.

Mtu huyohuyo jioni anaingia duka la vyakula kununua maji na biskuti. Anaona chupa ya asali, rangi ya dhahabu, picha ya nyuki, bei ya kuokota. Anatia tatu kikapuni bila kuuliza neno. Chupa hizo zitasafiri mpaka nyumbani: moja ya mama mwenye kikohozi, moja ya watoto, moja ya mzee anayeamini kwamba asali ni dawa ya kila kitu.

Ndugu zangu, hapo tumepatwa na nini? Kinachokaa juu ya ngozi tunakipekua uzi kwa uzi, na kinachoingia tumboni tunakichukua kwa sura ya chupa.

Simsemi Mchina. China huzalisha zaidi ya tani 400,000 za asali kwa mwaka, hakuna nchi inayoifikia, na ndani ya wingi huo iko asali njema kabisa. Ninayemsema ni mnunuzi. Palipo na wingi kiasi hicho na bei ndogo kiasi hicho, gredi lazima ziwepo, na yule ajuaye gredi za suruali hana udhuru wa kutojua za asali.

Tuanze na kazi yenyewe ya nyuki. Nekta ya maua ina maji mengi. Nyuki huichakata kwa vimeng'enya vya mwilini mwake, huiweka segani, huipepea kwa mbawa usiku na mchana mpaka maji yapungue, kisha huliziba sega kwa nta. Kuziba huko ndiko kusema imeiva. Kipimo cha kimataifa cha Codex kinataka asali isizidi asilimia 20 ya maji, na asali iliyozibwa vizuri huwa chini ya hapo. Sasa mwenye haraka hangojei nyuki wazibe. Anairina ikiwa bado majimaji, kila baada ya siku moja au mbili wakati maua yamechanua, anajaza mapipa, na kiwanda kinamalizia kukausha kwa mitambo na moto. Njia hii ni ya kawaida sana China, na inaeleza sehemu kubwa ya ile bei ya kuokota. Nyuki amefanya nusu ya kazi, mtambo nusu nyingine.

Huo bado si uongo kamili. Uongo kamili ni shira. Zamani wadanganyifu walikuwa wakichanganya shira ya mahindi au ya miwa, na maabara wakawakamata, kwa sababu mahindi na miwa hutengeneza sukari kwa njia tofauti na mimea mingi inayolisha nyuki, na tofauti hiyo husomeka katika kaboni. Wakahamia shira ya mchele, ambao unatengeneza sukari kama mimea ya nyuki, na kipimo kile kikapofuka. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitoa matokeo ya ukaguzi wa shehena 320 za asali kutoka nje: 147 kati yake, yaani asilimia 46, zilishukiwa kuwa na shira. Kwa asali iliyotoka China zilishukiwa 66 kati ya 89. Kutoka Uturuki 14 kati ya 15. Na zile zilizotoka Uingereza, nchi ambayo wengi wetu tunaiamini kwa kuona lebo tu, zilishukiwa zote 10. Inaelekea nyingi zilikuwa asali za nchi nyingine zilizochanganywa na kufungwa upya huko.

Wafanyabiashara mnayajua mambo ya karatasi. Marekani ilipoiwekea asali ya China ushuru mzito mwaka 2001, mizigo ilianza kuzunguka kupitia nchi za tatu na kutua bandarini ikiwa na uraia mpya. Mwaka uliofuata Ulaya iliifungia mlango asali ya China kwa kukuta mabaki ya dawa ya kloramfeniko, ikaja kuufungua tena mwaka 2004. Wapo pia waliochuja asali kwa nguvu hadi ikabaki bila chembe ya chavua, na chavua ndiyo inayomwonyesha mtaalamu maua gani yalitembelewa na katika nchi gani. Ikiondolewa, hakuna wa kuuliza ilikotoka.

Hapa atasimama mzee mmoja aseme, "Mimi sidanganyiki, nina kipimo changu." Tunavijua vipimo hivyo. Chovya njiti ya kiberiti ndani ya asali uiwashe. Dondosha tone majini. Liweke tone juu ya kidole gumba. Mwite sisimizi. Kwa heshima zote, mzee wangu, hivyo vyote havifai. Shira nzito ya mchele huzama majini vizuri kama asali, haitiririki kidoleni, na njiti huwaka au haiwaki kwa kadiri ya maji tu. Kibaya zaidi ni kuitupa asali kwa sababu imeganda. Kuganda ni tabia ya asali. Sukari yake ya glukosi hujikusanya chembechembe, na asali ya maua mengine huganda ndani ya wiki chache. Watu wamemwaga asali safi na kuweka kabatini shira isiyoganda mwaka mzima.

Basi kama ulimi hautoshi na kiberiti hakitoshi, na maabara yenyewe inazungukwa, tumebakiwa na nini? Tumebakiwa na lile lile unalolifanya kwenye suruali: kutafuta kiwanda. Asali salama kwa mtu wa kawaida ni ile ambayo kati ya mzinga na meza yake wamepita watu wachache, na watu hao wana majina. Ndiyo maana ninasisitiza asali ya mahali ulipo, mbichi, isiyopikwa. Sina imani kwamba udongo wa nyumbani una baraka zaidi ya udongo mwingine. Ila asali ya jirani ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuulizwa.

Kanuni hii inafanya kazi hata ukiwa Guangzhou. Wengi hawajui kwamba ndani ya mipaka ya jiji hilo, upande wa Conghua na Zengcheng, kuna mashamba ya malichi, tunda ambalo ni ndugu wa shokishoki yetu ya Unguja. Yakichanua mwezi Machi na Aprili nyuki huyavamia, na asali yake ni maarufu Guangdong yote. Anayeishi mitaa ya Xiaobei au Sanyuanli mwaka mzima, ana watoto huko, hana haja ya kuagiza asali ya Tabora kwa mizigo ya watu. Apande gari hadi Conghua, amtafute mfugaji, aone mizinga, aulize kama masega yalizibwa kabla ya kurinwa. Majira hayo ni ya mvua na unyevu, kwa hiyo swali la maji katika asali ya malichi si la utani. Akishindwa kwenda, apige picha ya lebo ya dukani aitafsiri kwa simu. Kanuni ya China ya asali ni GB 14963, na orodha ya viambato ikitaja kitu chochote zaidi ya asali, kiwe shira, kiwe sukari, airudishe rafuni.

Lakini kuibeba asali ya kiwandani kutoka Guangzhou kwenda Afrika Mashariki ni jambo lisilo na maelezo. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa asali, baada ya Ethiopia. Miombo ya Tabora, Sikonge, Urambo na Katavi imekuwa ikitoa asali na nta tangu kabla ya Mjerumani. Ushirika wa wafugaji nyuki wa Tabora ulianza mwaka 1962, na mji huohuo una chuo cha ufugaji nyuki. Kenya ina Kitui, Mwingi na Baringo, na ina Waogiek wa msitu wa Mau, ambao asali kwao ni chakula, ni mahari, ni sala. Unapita juu ya hayo yote kwa ndege ukiwa umekumbatia chupa ya shira?

Na kuna hasara nyingine ambayo mnunuzi haioni. Upo ugonjwa wa nyuki unaoozesha watoto wa nyuki ndani ya sega. Mbegu za kijidudu chake hukaa ndani ya asali miaka na miaka bila kufa, wala hazimdhuru mtu anayeila. Tatizo ni chupa. Ukiitupa jalalani ikiwa na mabaki, nyuki wa mtaani watakuja kuilamba na kwenda nayo mzingani. Afrika Kusini ilikuwa ikitaka asali ya nje ipigwe mionzi ili kujikinga, na bado mwaka 2009 ugonjwa huo ulizuka Western Cape. Nyuki wetu wa Afrika wamesalimika kwa kiasi kikubwa. Kuwaletea balaa kwa ajili ya zawadi ya bei rahisi ni dhuluma.

Nisieleweke vibaya, ya nyumbani nayo ina wezi wake. Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Singida utaona chupa zimepangwa juani tangu asubuhi. Hata iliyo safi huharibika hapo: joto huzalisha kemikali iitwayo HMF, ambayo Codex huipa kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto kama zetu. Wengine huchemsha sukari guru wakachanganya. Wengine hukamua sega pamoja na watoto wa nyuki na majivu ya moshi, ndiyo ile asali inayonuka moshi na kuchacha baada ya mwezi. Neno "asili" kwenye chupa halimzuii mtu kusema uongo. Uliza imerinwa wapi, mwezi gani, kwa mzinga gani, imekamuliwa au imejichuja yenyewe. Muuzaji wa kweli atakuchosha kwa maelezo. Wa uongo atakujibu bei.

Kuhusu afya tuwe wakweli pia, maana wauza asali hupenda kuipandisha mpaka isikofika. Kwa Waislamu asali ina heshima ya pekee, sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina la nyuki, na uponyaji umetajwa humo. Waganga wa kisasa nao hawaikatai: kijiko cha asali hutuliza kikohozi cha mafua, na hospitali hutumia asali iliyotakaswa kwa mionzi kutibu vidonda. Nguvu yake ya kuua vijidudu hutokana kwa sehemu na kimeng'enya kinachoharibika kwa moto, na hapo ndipo mbichi inapoishinda iliyopikwa. Ila chupa ya jikoni usiimimine kwenye kidonda. Mwenye kisukari naye asidanganywe. Asilimia kama 80 ya asali ni sukari, iwe ya Sikonge au ya Conghua. Yule anayedai asali ya mtaani huponya mafua ya chavua hajathibitisha, kwani chavua inayowapigisha watu chafya mara nyingi hubebwa na upepo, si na nyuki.

Na hili nalisema kwa sauti kubwa kuliko mengine. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali, hata ncha ya kidole. Ndani yake huweza kuwamo mbegu za kijidudu cha botulismi, ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda na la mtoto mchanga haliziwezi, na usafi wa asali haumkingi. Kwa Waislamu wanaotaka kumfanyia mtoto tahniki, yaani kumpaka mchanga kitu kitamu kinywani, inayosimuliwa katika hadithi ni ya tende.

Limebaki suala la bei. Mfugaji wa Sikonge hupandisha mizinga mitini, hungoja msimu, hurina usiku, huumwa, kisha husafirisha ndoo kwa pikipiki hadi mjini. Akikutajia bei yake unamwambia mbona Wachina wanauza nusu. Unayemwambia hivyo ndiye unayemfundisha kuchanganya sukari guru. Mlipe. Nunua kidogo kama fedha haitoshi; asali iliyoiva haiozi.

Nawe mfugaji unayesoma haya, funga chupa yako vizuri, iweke kivulini, na uandike juu yake jina lako, kijiji chako, namba ya simu na mwezi uliorina. Mnunuzi akipiga kuuliza, pokea.